Ua, Msitu au Uwanda: Bustani Ipi ya Sanamu Inayafaa Makumbusho Yako?

Makumbusho yanapoamua kutoa sanamu nje, mazungumzo huanzia kwenye miti na nyasi: tupande nini, njia ipite wapi, maua yawe ya rangi gani. Mimi huanzia kwingine. Kwanza nauliza sanamu yenyewe inataka kutazamwa kutoka umbali gani. Kisha nauliza mtazamaji akisimama hapo, nyuma ya sanamu ataona nini. Majibu ya maswali haya mawili ndiyo yanayochagua aina ya bustani, na miti hufuata baadaye.

Makumbusho mengi duniani yamepita njia mojawapo kati ya tatu, na kila njia ina bustani mashuhuri ya kuipimia: ua uliozungushiwa ukuta (MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York), msitu wenye nafasi wazi hapa na pale (Kröller-Müller, Uholanzi), na uwanda wa mashamba na vilima (Storm King, jimbo la New York). Nazilinganisha kwa ajili ya yeyote aliyekabidhiwa kiwanja na sanamu kadhaa katika miji yetu, awe msimamizi wa makumbusho, mhadhiri wa idara ya sanaa au msanifu wa mandhari.

Ua: sanamu ya kusogelewa

Bustani ya MoMA, inayobeba jina la Abby Aldrich Rockefeller, ilisanifiwa na Philip Johnson na kufunguliwa mwaka 1953. Iko katikati ya majengo marefu ya Manhattan, na Johnson hakujaribu kuuficha mji kwa msitu wa bandia. Aliteremsha sakafu ngazi chache, akaitandika marumaru ya kijivu kutoka Vermont, akachimba vidimbwi viwili virefu vyenye vijidaraja, akasimamisha ukuta upande wa barabara ya 54, kisha akapanda miti kwa makundi madogo. Alichopata ni chumba kisicho na paa.

Uzuri wa chumba hicho ni kwamba huwezi kukimaliza kwa mtazamo mmoja. Vidimbwi na miti vinaigawa sakafu katika pembe kadhaa, kila pembe ina sanamu zake, na ukiwa katika moja unaona vipande tu vya nyingine. Ndiyo maana eneo dogo linahisi kubwa. Tazama The River ya Aristide Maillol: mwanamke wa madini ya risasi aliyejilaza ukingoni mwa kidimbwi, kichwa kimening'inia hadi nywele zinakaribia maji. Ukimweka mwanamke huyo katikati ya uwanja wa nyasi, ataonekana kama mtu aliyeanguka. Pale ukingoni, maji yanaikamilisha kazi ya mchongaji. Au mbuzi wa Picasso, ambaye umbo lake la kwanza liliundwa kwa kapu kuukuu na vitu vilivyookotwa kabla ya kumiminwa kwa shaba: huyo anataka umsogelee mpaka uione misuko ya kapu kwenye mbavu zake. Hatua tano zinatosha. Kwa hatua hamsini amepotea.

Faida ya pili ya ua ni kwamba sanamu zinahamishika. Sakafu ni ngumu, mzigo unapita, na msimamizi anaweza kubadilisha maonyesho ya nje kama anavyobadilisha ya ndani. Ulinzi nao ni rahisi: lango moja, askari mmoja, usiku kunafungwa.

Kasoro yake ni kimo. Sanamu ya mita nane ndani ya ua inawabana watu. Na kasoro nyingine, ambayo kwetu ni nzito kuliko hiyo, ni joto.

Washington na Dallas: nini hutokea ua ukikosa kivuli

Bustani ya makumbusho ya Hirshhorn, Washington, ilifunguliwa mwaka 1974 kwa usanifu wa Gordon Bunshaft. Naye alichimba, akazama kuliko Johnson: kuta za zege, sakafu ya changarawe, mistari iliyonyooka, miti haba. Katika picha ni bustani safi kabisa, na kila sanamu imesimama mbele ya ukuta mtupu bila kitu cha kuishindania macho. Lakini kiangazi cha Washington kina joto na unyevu wa kumchosha mtu wa pwani, na zege na changarawe hunywa jua asubuhi na kulirudisha mchana kutwa. Mtu wa kiti cha magurudumu hakuwa na pa kushukia. Mwaka 1981 bustani ilifunguliwa upya baada ya Lester Collins kuipanga tena: aliongeza miti, nyasi na njia ya mteremko. Miaka saba tu baada ya kufunguliwa, fedha zilitumika mara ya pili kwa sababu ya kivuli na ngazi, mambo mawili ambayo mpango wa kwanza ungeweza kuyatatua kwa penseli.

Dallas, Texas, walianza na kivuli. Nasher Sculpture Center, iliyofunguliwa mwaka 2003, ilisanifiwa na Renzo Piano, na bustani yake ikapangwa na Peter Walker. Walker alipanda miti kwa safu zilizonyooka, mialoni miongoni mwake, ili matawi yawe dari na mashina yawe nguzo. Sanamu zinasimama katikati ya nguzo hizo, na watu wanakaa. Huu ndio ua ambao ningemwonyesha msanifu wa Dar es Salaam au Mombasa kabla ya mwingine wowote.

Hata hivyo Nasher inafundisha jambo jingine pia. Jirani lilijengwa jengo la ghorofa 42 lililovikwa vioo, Museum Tower, na kufikia mwaka 2012 mng'ao wa vioo hivyo ulikuwa unaangukia bustani na paa la makumbusho, ukichoma mimea na kuvuruga mwanga uliopangwa kwa uangalifu mkubwa. Chumba cha msanii James Turrell ndani ya bustani hiyo, kilichoachwa wazi juu ili mtu akae atazame anga tupu, kilifungwa kwa sababu mnara ulikuwa umeingia ndani ya anga hilo. Kwa hiyo kabla ya kuchora mstari mmoja, ulizia kiwanja cha jirani kinaruhusiwa kujengwa ghorofa ngapi. Upper Hill ya Nairobi na Posta ya Dar es Salaam majengo ya vioo hayaishi kupanda.

Msitu: sanamu ya kukutana nayo

Kröller-Müller iko Otterlo, ndani ya hifadhi ya De Hoge Veluwe. Bustani yake ya sanamu ilifunguliwa mwaka 1961, mkurugenzi akiwa Bram Hammacher na msanifu wa mandhari Jan Bijhouwer. Leo ni hekta 25 zenye sanamu zaidi ya 160. Hesabu hiyo ikitandazwa uwanjani ingekuwa bohari. Humo msituni wingi huo hauhisiwi, kwa kuwa unazipata moja moja: njia inapinda, kichaka kinaachia, unakutana na sanamu uso kwa uso, unakaa nayo, unaendelea.

Hiyo ndiyo nguvu ya msitu, na inategemea ukarimu wa nafasi. Sheria yake ni kwamba ukiwa mbele ya sanamu moja, ya pili isionekane, au ionekane kwa mbali tu kama wito. Wanaoiga msitu kwa kupanda vichaka kumi kwenye robo eka hawapati kitu hicho. Wanapata sanamu zilizofichwa.

Mambo mawili pale yananivutia kuliko mengine. La kwanza ni kazi zilizotengenezwa kwa ajili ya mahali. Sanamu nyeupe inayoelea ya Marta Pan iliundwa kwa ajili ya bwawa lile lile ililomo, nayo hugeuka kwa upepo. Spin Out ya Richard Serra ni mabamba matatu makubwa ya chuma yaliyochomekwa kwenye kingo za kibonde kidogo. Ukishuka hadi katikati, mabamba yanaonekana kukuzunguka. Huwezi kuihamisha. Bonde ni nusu ya sanamu. Makumbusho yenye bajeti ndogo yatafakari hili kwa makini: kumwalika mchongaji mmoja aje akae, aione ardhi na kuifanyia kazi, mara nyingi kunaleta bustani bora kuliko kununua sanamu sita zilizokwisha na kuzitafutia pa kusimama.

La pili ni banda la Gerrit Rietveld. Lilijengwa mwaka 1955 kwa maonyesho ya Sonsbeek, Arnhem, likabomolewa, kisha likajengwa upya Otterlo mwaka 1965, na mara nyingine tena mwaka 2010 kwa kuwa vifaa vyake vilikuwa vimechakaa. Ni paa, kuta zisizokamilika, na upepo unapita. Ndani yake zimewekwa kazi za Barbara Hepworth, ambazo hupata mwanga wa nje bila kupigwa na jua wala mvua moja kwa moja. Sisi tunalijua jengo la aina hiyo tangu utotoni: banda, baraza, paa la makuti juu ya nguzo. Kwa mchongo wa mti hili ndilo jibu. Mpingo wa Wamakonde ukiachwa nje utapasuka kwa jua, na mbao laini zitaliwa na mchwa kabla ya masika ya pili. Chini ya banda lenye sakafu ya zege iliyoinuliwa, kazi hizo zinaweza kuwa sehemu ya bustani bila kuwekwa nyuma ya kioo.

Uwanda: sanamu ya kuonekana kutoka mbali

Storm King ilianzishwa mwaka 1960 na Ralph Ogden pamoja na mkwewe Peter Stern. Mwaka 1967 Ogden alinunua kazi 13 za David Smith kwa mpigo baada ya kuziona mahali Smith mwenyewe alipoziweka, mashambani mwa nyumba yake huko Bolton Landing, milima ikiwa nyuma. Hapo ndipo mwelekeo wa mahali pote ulipobadilika kutoka ndani ya jengo kwenda nje. Msanifu wa mandhari William Rutherford aliifinyanga ardhi kwa miaka mingi, na sehemu ya ardhi hiyo ilikuwa imeachwa na mashimo baada ya kuchotwa kokoto za kujengea barabara kuu ya jimbo.

Eneo ni eka 500 hivi. Mihimili ya chuma ya Mark di Suvero inasimama mashambani, na unaiona kutoka kilimani muda mrefu kabla ya kuifikia; kutembea kuiendea ni sehemu ya kuitazama. Andy Goldsworthy alijenga ukuta wa mawe makavu wa urefu wa mita 694 (1997 hadi 1998), unaojipinda kati ya miti, ukaingia bwawani na kutokea upande wa pili. Maya Lin aligeuza shimo la kokoto kuwa Wavefield (2007 hadi 2008): safu za mawimbi ya udongo na nyasi yanayopita kimo cha mtu. Kwa Lin, kidonda cha ardhi ndicho kilichokuwa malighafi.

Wageni wetu wengi wakirudi kutoka huko hutaka uwanda. Nawaelewa, kwa kuwa hakuna namna kubwa zaidi ya kuonyesha sanamu. Lakini uwanda unadai vitu vitatu kwa pamoja: sanamu kubwa, ardhi kubwa, na mandhari ya nyuma ambayo hakuna mtu atakayeijenga. Storm King ina milima pande zake. Sanamu ya kimo cha mtu ukiiweka pale inakuwa kijiti. Na nyasi hazijikati. Wao wenyewe waliyageuza mashamba mengi kuwa nyasi ndefu za asili, wakabakiza njia zilizofyekwa, jambo linalopunguza kazi na wakati huo huo kuzipa sanamu zulia la rangi inayobadilika kwa majira. Yorkshire Sculpture Park, Uingereza, iliyoanza mwaka 1977 katika ardhi yenye ukubwa unaokaribiana na huo, huwaacha kondoo walishe katikati ya sanamu za Henry Moore, na Moore mwenyewe aliwapenda kondoo kwa kuwa walimpa mtazamaji kipimo cha ukubwa. Kondoo, nasema. Mbuzi atapanda juu ya sanamu.

Tukizileta kwetu

Bustani hizi tatu zote ziko mbali kaskazini mwa ikweta, ambako jua la mchana liko kusini mwaka mzima na mara nyingi liko chini. Mwanga wa ubavuni ndio unaozitoa sanamu zao mbavu na mikunjo. Hapa kwetu jua la saa sita liko utosini. Linajaza macho ya sanamu kivuli cheusi na kuyasawazisha mabega. Tena linahama: Dar es Salaam, kuanzia Machi hadi mapema Oktoba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, kisha huhamia kusini kwa miezi iliyobaki. Ukuta uliouamini kwa kivuli mwezi Juni utakusaliti Desemba. Kwa hiyo kivuli chetu kitoke juu, kwenye matawi au banda, kuliko kwenye ukuta. Na saa nzuri za kuonyesha sanamu ni asubuhi na alasiri, maana yake makumbusho yafikirie kufungua bustani mapema kuliko jengo.

Pwani kuna chumvi. Chuma kinachoachwa kijitengenezee ngozi yake ya kutu, kama kile cha Serra, hakitulii kwenye hewa ya bahari. Kinaendelea kuliwa, na kila mvua inamwaga michirizi ya kahawia kwenye sakafu. Shaba nayo hushambuliwa na chumvi, hivyo huoshwa kwa maji baridi na kupakwa nta kila mwaka. Jiwe la Kisii kutoka Tabaka huchongeka kirahisi kwa sababu ni laini, na kwa sababu hiyo hiyo kucha, funguo na watoto wanaopanda huliacha alama. Liinue kwenye kitako na uliweke mahali ambapo mtu analizunguka bila kulikalia.

Adui mkubwa wa sanamu za nje, hata hivyo, huwa ni mashine ya kukatia nyasi. Uzi wake unakwangua kitako wiki baada ya wiki. Zungushia kila sanamu mkanda wa changarawe wenye upana wa hatua moja, na mnyunyizio wa maji uuelekeze pembeni, kwani maji ya visima vyetu huacha weupe wa chokaa kwenye shaba na mawe.

Kwa ukuta wa nyuma, pwani tuna mawe ya matumbawe na lipu ya chokaa: weupe usio mkali, unaokubali kuzeeka. Ni mandhari nzuri sana kwa shaba nyeusi na mbaya kwa marumaru nyeupe. Bara, uzio wa mchongoma uliokatwa vizuri unatoa ukuta wa kijani kibichi uliotulia. Jiwe jeupe mbele yake linang'aa. Bogenvilia ninaipenda mlangoni na kamwe siipandi nyuma ya sanamu. Inaishinda.

Mfano mmoja wa hapa hapa unastahili kutajwa ingawa si bustani. Mkunazini, Zanzibar, kando ya kanisa kuu la Anglikana, kumbukumbu ya watumwa ya Clara Sörnäs (1998) imewekwa ndani ya shimo: watu wa zege wenye minyororo shingoni, nawe umesimama juu ukiwatazama. Anayetazama analazimika kusimama mahali ambapo mnunuzi angesimama. Hakuna mti wala ua lililohitajika. Umbali na usawa wa macho vimefanya kazi yote, na ndivyo vitu viwili ambavyo mpangaji wa bustani yoyote anavimiliki bila gharama.

Uchaguzi wangu

Kama kiwanja chako ni chini ya eka moja na kiko mjini, jenga ua wenye dari ya miti kwa mfano wa Nasher, maji kidogo, na kuta za kawaida za mahali ulipo. Sisiti kwa hilo. Miti iwe ya majani madogo yasiyodondosha utomvu. Mwembe juu ya sanamu ni kuialika popo. Pwani mvinje huvumilia chumvi, ila sindano zake hufagiwa kila siku.

Kama tayari una miti mikongwe, chuoni au kwenye makumbusho yenye bustani ya mimea kama ya Taifa pale Nairobi, chagua msitu, wala usikate kitu. Jijini Nairobi pia, City Park, kaburi la Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya na mkusanyaji mkubwa wa sanaa, limezungukwa na sanamu chini ya miti. Nenda ukaone jinsi mwanga unaopenya matawini unavyolibadilisha jiwe kila dakika.

Uwanda uchague tu ikiwa ardhi ni yako kwa uhakika wa hati, sanamu zako zinapita mita nne, na una fedha za wafyekaji kwa miaka kumi ijayo. Usipokuwa na sanamu hizo lakini una machimbo ya zamani ya mawe au kokoto, kumbuka Lin, ukamwite mchongaji aifanyie kazi ardhi yenyewe.

Kwa chaguo lolote, kabla ya kumwaga zege la msingi tengeneza umbo la mbao na turubai lenye kimo na upana wa sanamu. Lisimamishe pale unapopataka, ulitazame saa mbili asubuhi, saa sita na saa kumi na moja jioni, kisha lisogeze hatua chache na ulitazame tena. Mwite mlinzi na mtunza bustani nao waseme. Halafu pima upana wa lango na ugumu wa njia, kwa sababu sanamu ya tani tatu huja juu ya lori na kushushwa kwa kreni, na lango linalozidiwa kwa sentimita ishirini litabomolewa siku ya ufunguzi.